Jinsi ya jamii kuomba fedha za Mfuko wa Urithi wa Dunia kulinda eneo la kale

Kikundi cha wananchi hakiwezi kuomba fedha za Mfuko huu wa UNESCO moja kwa moja. Mwombaji ni serikali iliyoridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972. Kazi yenu ni kuandaa ombi ambalo mamlaka ya mambo ya kale italiona limeiva na kukubali kulibeba.

Hatua ya kwanza: hakikisheni mnastahili. Eneo likiwa bado halimo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, msaada uliopo ni wa maandalizi tu, kama kutayarisha andiko la kuliteua. Ulizeni pia iwapo nchi inadaiwa michango ya Mfuko. Ikidaiwa, haistahili msaada, isipokuwa wa dharura. Swali hilo lina aibu kidogo, lakini liulizeni mapema.

Hatua ya pili: kutaneni kabla ya kugusa fomu. Hapa msiharakishe. Waiteni wenye mashamba, wafugaji wanaopitisha mifugo, wanaotambika pale, na hata wanaobeba mawe ya magofu kwenda kujengea au wanaochimbua vitu vya kale na kuviuza. Hao wa mwisho hukwepwa, ilhali bila wao ulinzi ni wa kwenye karatasi. Jadilini nani atapata kazi na nani atapoteza nini: njia ikifungwa, mifugo ipite wapi? Wekeni muhtasari na orodha ya mahudhurio yenye saini. Penye makaburi au matambiko, wenyewe waseme kama wanaridhia pachorwe kwenye ramani. Wakikataa, pasichorwe.

Hatua ya tatu: jazeni fomu. Hupokelewa kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo kubalianeni kwanza kwa lugha yenu, kisha mtafute mfasiri. Bajeti ichanganuliwe kazi kwa kazi, ikionyesha kinachoombwa na kinachochangwa nyumbani.

Ombi lisilozidi dola 5,000 za Marekani hupelekwa wakati wowote. Likizidi hapo, mwisho ni 31 Oktoba. Kwa maombi hayo makubwa yasiyo ya dharura, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi wa Dunia huamua hadi dola 30,000, na zaidi ya hapo ni Kamati yenyewe. Kwa maoni yangu, anzeni na dogo, mathalani mafunzo ya walinzi wa kijamii. Dharura nayo haina tarehe, ila ni kwa janga la ghafla kama tetemeko au mafuriko. Ukuta unaomomonyoka taratibu kwa miaka hauhesabiwi.

Hatua ya mwisho ni saini ya wizara husika, Tume ya Taifa ya UNESCO au ujumbe wa kudumu (ofisi ya uwakilishi) wa nchi huko UNESCO, kisha ombi hutumwa kwa njia ya kielektroniki. Chukueni nakala ya kilichotumwa hasa: bajeti huweza kukatwa mezani, na watakaoulizwa na wanajamii ni ninyi.