Somo: Kuchagua rimu nyepesi za gari la spoti (anza na mizani)

Swali ninaloulizwa zaidi ni "nichukue rimu gani?" Sitalijibu kwa jina la rimu. Nitaeleza njia ninayopita mimi mwenyewe, halafu maswali ya wanachama yatafuata chini.

Kwanza tuelewane faida iko wapi. Bodi, injini, viti na wewe mwenyewe mmekaa juu ya springi. Rimu, tairi, breki na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) ziko chini yake. Gurudumu likikanyaga bonde au tuta linarushwa, na springi na shokapu ndizo zenye kazi ya kulirudisha barabarani. Likiwa zito linachelewa kurudi, na kwa muda huo tairi halishiki vizuri. Kwa hiyo rimu nyepesi utaifaidi zaidi kwenye kona yenye mabaka kuliko kwenye lami iliyonyooka.

Faida ya pili ni ya mzunguko. Ukitoa kilo moja kwenye kiti umetoa kilo moja. Ukiitoa kwenye duara la nje la rimu, inahesabika karibu kilo moja na nusu, kwa sababu injini ilikuwa inaisukuma mbele na kuizungusha kwa wakati mmoja. Ila tusidanganyane. Kupunguza kilo 3 kwa kila rimu ni kilo 12 kwa gari zima, sawa na kutoa takriban kilo 18 ndani ya gari. Gari la kilo 1,250 halitageuka roketi kwa hilo. Utaisikia tofauti mikononi, kwenye usukani, kabla hujaiona kwenye saa.

Hatua ya 1: Pima ulizonazo

Azima mizani ya kupimia mwili. Panda peke yako, andika, panda ukiwa umekumbatia gurudumu, andika, toa. Fanya hivyo gurudumu likiwa na tairi, na ukipata nafasi fundi akilivua, pima rimu peke yake. Watu wengi hununua rimu "nyepesi" bila kujua za kiwandani zina kilo ngapi, na kuna magari ambayo za kiwandani tayari ni nyepesi. Mimi niliwahi kununua seti iliyotangazwa kuwa na kilo 7.2 kila moja. Mizani yangu ikasoma 8.6. Muuzaji akaniambia mizani ni mbovu, nikapima mfuko wa kilo 10, ikasoma 10.

Tena, uzito unaotangazwa huwa ni wa saizi moja tu. TE37, rimu ya kampuni ya Rays ya Japani, ilitoka mwaka 1996, na 37 ya jina lake inatokana na kilo 3.7 za rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6. Usiibebe namba hiyo ukaitarajia kwenye inchi 18.

Hatua ya 2: Vipimo vya kukaa

Hapa usiharakishe, maana rimu isiyokaa ni pambo la sebuleni hata iwe nyepesi kama karatasi. Nitatumia Toyota 86 ya kwanza yenye rimu za inchi 17. Kiwandani ni 17x7 (kipenyo kwa upana, kwa inchi), ofseti 48, PCD 5x100, tundu la katikati milimita 56.1, tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Ofseti na PCD naeleza hapa chini.

PCD ni idadi ya boliti na kipenyo cha duara linalopita katikati yake. Hapa hakuna "inakaribia": 5x100 haifungwi kwenye 5x114.3. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu unaweka pete ya kuziba nafasi ili rimu ikae katikati. Likiwa dogo, rimu haiingii, basi.

Ofseti ndiyo inayowachanganya watu. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani. Tuseme unataka 17x8 ofseti 45. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 25.4, na nusu yake, 12.7, inakwenda kila upande. Ofseti imepungua 3. Kwa nje rimu inatoka 12.7 + 3 = milimita 15.7. Kwa ndani inasogea 12.7 – 3 = milimita 9.7 kuelekea shokapu. Sasa chukua rula, kata usukani mpaka mwisho, upime nafasi iliyopo kwa ndani na kwenye madigadi. Hesabu hii ya dakika tano ingewaokoa wengi ninaowaona wakikuna madigadi kila wakikata kona.

Hatua ya 3: Usipande inchi bila sababu

Kilo rahisi kuliko zote ni ile unayoipata kwa kushuka inchi moja. Rimu ndogo ina chuma kidogo, na chuma hicho kiko karibu zaidi na katikati. Baadhi ya 86 zilizouzwa Japani zilitoka kiwandani na inchi 16 na tairi 205/55R16. Kipenyo cha tairi hilo ni kama milimita 632, na cha 215/45R17 ni 625, tofauti ya asilimia moja hivi, kwa hiyo spidomita haipotoshwi sana. Lakini usidhani kila 86 itazikubali. Breki ndizo zinazoamua.

Najua inchi 18 inapendeza machoni. Sibishi. Ila mtu anayepanda inchi moja, akaongeza upana, kisha akalipia rimu ya bei mbaya ili arudi kwenye uzito aliokuwa nao mwanzo, huyo amenunua picha.

Hatua ya 4: Ilivyotengenezwa

Rimu ya kusubu ni aloi ya aluminiamu iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Ni ya bei nafuu, na ili iwe imara inahitaji unene, ndiyo maana huwa nzito. Ya kati inasubiwa kwanza, kisha pipa lake (duara pana linalovaa tairi) linazungushwa likiwa na joto huku rola zikilikandamiza na kulivuta liwe jembamba na gumu. Enkei RPF1 ni ya kundi hili. Ya juu ni ya kufuliwa (kufua kwa mhunzi, si kwa dobi): donge la aloi linabanwa kwa mashine ya nguvu kubwa mpaka chembe zake zishikane, kisha linachongwa. Hiyo inaweza kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu.

Kwa gari la kila siku linaloingia uwanja wa mbio mara chache kwa mwaka, mimi ningechukua ya kati na fedha iliyobaki ningenunua tairi zuri.

Hatua ya 5: Uwezo wa kubeba

Soma kibandiko cha mlangoni au kitabu cha gari, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli, gawa kwa mbili. Ikiwa ni kilo 900, kila rimu lazima ibebe angalau 450, na mimi hupenda izidi hapo kwa mbali. Namba huandikwa nyuma ya rimu. Tafuta pia alama ya JWL, ambayo mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe kwa kiwango cha Japani, na VIA, inayoonyesha kuwa mwingine amezijaribu. Rimu isiyo na namba ya uzito, iache.

Hatua ya 6: Breki, nati na kukaza

Rimu mbili za 17x8 ofseti 45 zinaweza kutofautiana: moja inapita juu ya kalipa (kibanio cha breki), nyingine spoku zake zinagusa, kwa sababu ya mkunjo wa spoku. Ofseti haikuambii hilo. Waulize watengenezaji kielelezo cha kalipa, ukichapishe, ukikate, ukijaribishe.

Nati nazo: rimu nyingi zisizo za kiwandani zinataka nati yenye kikalio cha koni ya nyuzi 60, wakati Honda nyingi zimetoka kiwandani na nati zenye kikalio cha mviringo. Usizichanganye. Uzi wa 86 ni M12x1.25 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya uzi na uzi milimita 1.25), wa Toyota nyingine nyingi ni M12x1.5. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa nyota, kisha ukaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimepata rimu nzuri ila ofseti ni kubwa mno. Nikiweka spesa (kisahani kati ya habu na rimu)?
Jibu: Inawezekana, iwe ya kukaa barabara kwenye habu na boliti zibaki na urefu wa kutosha. Lakini spesa nayo ina uzito. Ipime, uijumlishe.

Swali: Tairi linaathiri kiasi gani?
Jibu: Kuliko wengi wanavyodhani, kaka. Uso wa tairi uko mbali kabisa na katikati, kilo yake inahesabika karibu mbili. Nimeona matairi mawili ya saizi moja yakitofautiana zaidi ya kilo moja. Ukinunua rimu nyepesi ukaivisha tairi zito, umerudi nyumbani.

Swali: Za mtumba je? Nakaguaje?
Jibu: Tairi livuliwe kwanza. Osha pipa la ndani, pitisha tochi taratibu, hasa kwenye kingo na mizizi ya spoku. Izungushe kwenye mashine ya balansi uone kama inayumba. Ukikuta ufa, au alama ya kuchomelewa, rudisha. Aloi hizi hupata ugumu wake kwa kutibiwa kwa joto, na moto wa kuchomelea unauharibu.

Swali: Kopi zinazofanana kabisa na za kufuliwa?
Jibu: Umbo linanakiliwa, chuma hakinakiliki. Nyingi ni za kusubu zilizopewa spoku nyembamba za rimu ya kufuliwa, na hapo ndipo zinapokatikia. JWL ya uongo nayo ni rahisi kuichonga.

Swali: Mwalimu, umeziruka magnesiamu na kaboni.
Jibu: Magnesiamu ni nyepesi kuliko aluminiamu kwa zaidi ya theluthi, ila rangi ikikwaruzika inaliwa na kutu upesi, inahitaji mtu wa kuikagua mara kwa mara. Kaboni ni nyepesi mno, lakini ikipasuka hainyooshwi. Kama unaegesha kando ya kingo za barabara kila siku, dada, hazikufai.

Swali: Gari langu lina sensa za upepo. Zinahama?
Jibu: Mara nyingi ndiyo, kama tundu la valvu la rimu mpya linazikubali. Mpe fundi aziangalie kabla hajavisha tairi, siyo baada.