Kukata Pete ya Gome kwenye Mzabibu: Wakati Wake na Namna Yake

Sukari inayotengenezwa na majani ya mzabibu huteremka hadi mizizini kupitia gome la ndani, ilhali maji na madini hupanda kupitia mti uliomo chini ya gome hilo. Mkulima akiondoa pete nyembamba ya gome kulizunguka shina au tawi, maji huendelea kupanda, lakini sukari hukwama juu ya jeraha na kuelekea kwenye vishada. Mzabibu hautengenezi sukari zaidi kwa sababu ya kukatwa. Mizizi hunyimwa fungu lake ili matunda yapate, na jambo hili lisisahaulike tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Faida utakayoipata hutegemea siku ya kukata. Huko California, wakulima wa zabibu za mezani aina ya Thompson Seedless, isiyo na mbegu, hukata mara punje zinapofunga, yaani maua yakishageuka kuwa punje changa, zikiwa na kipenyo cha milimita 4 hadi 5, kwa sababu wanatafuta punje kubwa. Ukikata wakati huo usitarajie kuvuna mapema, kwani mzabibu uliobeba vishada vingi unaweza hata kuchelewa kuivisha. Punguza vishada kwanza. Anayetaka zabibu ziwahi kuiva na rangi ikolee, hasa kwa aina nyekundu kama Flame Seedless, hungoja punje za kwanza zianze kulainika na kubadilika rangi. Akichelewa sana baada ya hapo, atakuwa ameujeruhi mmea kwa faida ndogo.

Kwa zabibu za mvinyo, kama zilivyo nyingi za Dodoma, sishauri kukata kwa ajili ya ukubwa: rangi na ladha nyingi zimo kwenye ganda, na punje ikinenepa, maji yake huongezeka kuliko ganda.

Kwanza kwangua gome kavu la nje. Kisha, kwa kisu safi chenye makali mawili sambamba, zungusha mkato wenye upana wa milimita 4 hadi 5, ufike kwenye mti bila kuuchanja, na uondoe gome lote lililo katikati. Kagua pete kwa makini, kwa kuwa kipande chembamba cha gome kikibaki kitaendelea kupitisha sukari na kazi itakuwa bure. Pete pana mno nayo ni hatari, maana huchelewa kuziba au isizibe kabisa.

Kidonda huziba kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 6, na katika muda huo wote udongo usikauke, kwa sababu mizizi yenye njaa haistahimili kiu. Usikate mzabibu wenye umri chini ya miaka 4, wala uliodhoofika kwa ugonjwa. Na kwa kuwa mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kata msimu mmoja tu, ili msimu wa pili mizizi ijaze akiba yake.