Namna ya kuandika wasifu wa laborantini aliyetumikia hospitali na kanisa Bukavu

Wasifu wa kusomwa mazishini huandikwa haraka, nyumba ikiwa imejaa watu wa matanga. Ndiyo maana nyingi zina maneno yanayomfaa marehemu yeyote: mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu. Laborantini, yaani mpimaji wa maabara, anastahili zaidi ya hayo. Kazi yake ilifanyika nyuma ya mlango, na wengi aliowasaidia hawakuwahi kumwona usoni.

Tangulizeni karatasi. Tafuteni diploma, kadi ya ubatizo, kadi ya mchaguzi na barua ya kuajiriwa, kisha linganisheni tarehe. Zikitofautiana, familia ichague moja, na hiyo hiyo iandikwe kwenye msalaba, kwenye programu ya ibada na kwenye wasifu. Majina ndiyo husumbua zaidi. Kuanzia 1972 hadi 1990 utawala wa Rais Mobutu ulikataza majina ya Kikristo ya kigeni, kwa hiyo diploma ya miaka hiyo huenda haina kabisa jina ambalo kanisa zima lilimwitia. Andikeni majina yote mara moja mwanzoni, halafu endeleeni na lile watu walilolizoea. Diploma ya kati ya 1971 na 1997 itasema Zaïre, jina la Kongo wakati huo, na ya kabla ya 1988 itataja Kivu tu, kwani Kivu Kusini ilikuwa bado haijawa mkoa. Msirekebishe, nakilini kama ilivyo.

Halafu ulizeni watu, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Mkuu wa huduma atawapa miaka na vyeo. Msimsahau anayeosha vioo na kufagia maabara: yeye ndiye anayejua marehemu alifika saa ngapi, alimfundisha nani, na alifanya nini umeme ulipokatika kazi ikiwa nusu. Upande wa imani, waoneni mkuu wa shirika (jumuiya ndogo ya Wakatoliki), au mchungaji na mashemasi, na kwaya. Kwenye MUSO (kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana) ya avenyu yake mtasikia aliyowatendea majirani. Jambo kubwa lithibitishwe na watu wawili kabla ya kuliandika.

Sasa kazi yenyewe. Badala ya “alikuwa makini”, elezeni umakini huo ulikuwa nini. Kwa kipimo cha kifua kikuu, makohozi hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa fuksini (rangi nyekundu) na kupashwa moto mpaka mvuke uonekane. Ikichemka au kukauka, kioo kimeharibika. Kisha husafishwa kwa asidi na kutiwa bluu ya methilini. Vijidudu hubaki vyekundu juu ya bluu. Kabla ya kuandika “hasi”, msomaji hupitia sehemu 100 za kioo, moja baada ya nyingine, jicho likiwa kwenye mikroskopi. Anayeacha kwenye ya 20 hakuna atakayemwona, ila mgonjwa atarudi nyumbani akikohoa kati ya watoto wake. Mkiandika hayo kwa sentensi tatu, kisha mkasema marehemu alikuwa akisoma mpaka mwisho hata foleni ikiwa ndefu, kanisa litaelewa uaminifu wake bila ninyi kulitaja neno hilo.

Damu nayo ielezwe kama alikuwa akiitwa usiku kwa ajili ya mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa: kupima kundi la damu la mgonjwa, kulilinganisha na la mfuko wa damu, kuchanganya matone ya pande zote mbili ili kuona kama damu inagandamana. Kosa la kundi linaweza kuua. Lakini msimpe kazi ambayo hakuifanya. Wenzake watakuwa wamekaa humo humo kanisani.

Kuna jambo moja tusilolegeza: siri ya mgonjwa haifi pamoja na laborantini. Msitaje matokeo ya mtu yeyote, hata kwa sifa, hata bila jina kama mtaa utamtambua. “Alimpima jirani yetu akamwombea” inatosha kumfichua mtu. Picha yenye rejista wazi mezani isiwekwe kwenye WhatsApp. Daftari lenye majina ya wagonjwa likipatikana nyumbani, lirudishwe hospitali likiwa limefungwa.

Kuhusu urefu, maneno 600 husomwa taratibu kwa dakika kama sita. Kukiwa na mtafsiri wa Kifaransa au Mashi (lugha ya Bashi wa eneo la Bukavu), muda unakuwa mara mbili, kwa hiyo kateni mpaka 400 na mpeni mtafsiri nakala mapema, maana majina ya vipimo humkwamisha. Msomaji awe mtu anayeweza kumaliza bila kulia. Mtoto wa marehemu asilazimishwe. Chapisheni siku moja kabla, umeme ukiwepo, kwa herufi za ukubwa wa 14. Nakala moja ibaki parokiani, moja maabara, na moja iwekwe pamoja na diploma yake.