Somo: Jengo kongwe la umma, matumizi mapya

Wengi wakikabidhiwa mahakama au stesheni ya zamani huanza na orodha ya vyumba wanavyotaka. Naomba tugeuze: kwanza tujue jengo lina nini, ndipo tulitafutie kazi.

Hatua ya 1. Pima, piga picha, chora. Kila ufa uwekewe alama na tarehe, uangaliwe kwa miezi. Ufa uliotulia na ufa unaozidi kupanuka havitibiwi sawa. Kama jengo linalindwa kisheria, kibali kitafutwe sasa.

Hatua ya 2. Zuia maji: paa, mifereji, na ardhi inayoyaelekeza ukutani. Mengine yote yasubiri.

Hatua ya 3. Kuta. Hapa ndipo majengo mengi huharibiwa na watu wenye nia njema. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani, chumvi inaganda, na jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Tumia sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa vizuri (yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji) kwa sehemu 3 za mchanga safi usio na chumvi. Piga tabaka nyembamba, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kabonidioksidi hewani. Fundi mwenye haraka hafai kazi hii.

Hatua ya 4. Sasa chagua kazi. Stesheni ya Orsay, Paris, ilifunguliwa mwaka 1900. Treni zikaja kuwa ndefu kuliko majukwaa yake, na mwaka 1986 ikafunguliwa kama makumbusho. Ule ukumbi mkubwa wa treni haukukatwakatwa vyumba. Ndio uliopokea sanamu.

Hatua ya 5. Umeme, mabomba, lifti na njia ya viti vya magurudumu vipite mahali vinapoweza kuondolewa baadaye bila kuacha kovu.

Maswali ya wanachama

Swali: Jengo letu lilishapigwa saruji. Tuibandue yote?
Jibu: Jaribuni kipande kidogo, kwa patasi na nyundo, si mashine. Ikitoka na uso wa jiwe, iacheni. Bandueni pale tu ilipokwisha kuachia.

Swali: Mwalimu, nikitia saruji kidogo ili chokaa ikaze upesi?
Jibu: Hapana. Tafuta chokaa ya aina inayoganda hata penye maji.

Swali: Juu tunataka maktaba. Boriti za mbao zitabeba?
Jibu: Msibahatishe. Rafu za vitabu ni nzito kuliko ofisi. Mhandisi azikague, hasa ncha zilizoingia ukutani, ndiko zinakoanzia kuoza. Zikionekana dhaifu, rafu zishuke chini, juu pawe pa kusomea.