Kold sprei: namna ya kufanya poda ya metali ishike bila kuyeyuka

Watu wengi wakiona kold sprei, yaani kunyunyiza poda ya metali kwa kasi mpaka ijenge tabaka juu ya chuma, mara ya kwanza wanadhani ni kuchomelea kwa njia nyingine, ati ile hita ya mashine inayeyusha poda halafu inamwagika kwa chuma. Hapana, hakuna kitu kinayeyuka hapo. Ukishaelewa hiyo, kuseti mashine inakuwa rahisi, usipoelewa utakuwa unaongeza moto tu na poda inaishia sakafuni, na poda yenyewe si ya bei rahisi.

Iko hivi. Gesi yenye presha inapashwa moto, inapitishwa kwa nozo iliyobana katikati ikapanuka mbele, ikitoka hapo inakimbia kuliko sauti na imebeba chembe za poda za kama maikroni 5 hadi 50 (maikroni elfu moja ndio milimita moja). Chembe ikigonga polepole inaruka, ama inakwangua tu vile sandiblasti hufanya. Lakini kuna spidi fulani, kwa shaba ni mita 500 na kitu kwa sekunde na alumini inataka zaidi kidogo, ukiipita chembe inashika. Warusi wa Novosibirsk, Papyrin na wenzake, ndio waliona hii kitu miaka ya 1980 wakipima upepo wa kasi uliochanganywa na vumbi la metali. Na kama unabisha kuhusu kuyeyuka piga hesabu: chembe ya shaba ya mita 500 kwa sekunde, hata nguvu yake yote ya mwendo igeuke joto, inapanda kama digrii 325 tu, na shaba inayeyuka kwa 1,085.

Sasa inashikaje? Ni vile donge la tope la kukandika nyumba hufanya ukilirusha kwa ukuta, linapasuka likatandaa na makali yake yanajibana pembeni. Chembe inabanjuka, yaani inapondeka ikawa bapa, pembeni metali inateleza kwa nguvu sana, na kwa sababu kila kitu kinaisha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, joto la huo msuguano halipati nafasi ya kutoroka, ukingo unalainika ghafla na unachomoka nje kama mdomo mwembamba kuzunguka chembe. Huo mdomo ndio unapasua na kufagia ile ngozi ya oksidi iliyofunika chembe na chuma cha chini, halafu metali safi inakutana na metali safi chini ya presha kubwa, hapo zimeungana. Katikati kabisa chini ya chembe hakuna kuteleza sana, kwa hivyo mara nyingi hapo pameshika vibaya, nguvu iko ukingoni. Wataalamu bado wanabishana kama ni joto linaleta huo mdomo ama ni wimbi la presha, kwa fundi haijalishi: bila mdomo hakuna kushika.

Tuseme basi umeletewa pampu ya petroli ya kumwagilia mpunga huko Ahero, mchanga umekula hausing ya alumini. Mashine ya presha ya chini inatosha, hizo za hewa ya kompresa bar 5 hadi 10, na poda ya alumini iliyochanganywa na alumina, ule unga mgumu wa oksidi ya alumini. Alumina haibanjuki kwa hivyo peke yake haiwezi jenga tabaka, kazi yake ni kukwangua uso, kugongagonga tabaka likaze na kuzuia nozo isizibe, usiitoe kwa mchanganyiko.

Toa mafuta na grisi yote kwanza, halafu piga sandiblasti na unyunyize papo hapo. Vishimo ndio watu hukosea sana. Kishimo chenye kuta zimesimama wima, chembe zinapiga ukuta kwa mshazari zinateleza tu, unafunika juu na ndani kumebaki shimo. Kipanue na grainda kiwe kama sahani. Nozo ikae digrii 90 na uso, umbali wa milimita 10 hadi 30, usipinde mkono ukifika kona, zungusha kazi yenyewe. Na hapa Kisumu hewa ina unyevu mwingi, weka draya na filta kwa laini ya kompresa, poda ikilowa inashikana madonge na mtiririko unakatika.

Ikikataa kushika ongeza joto la gesi kidogo kidogo, gesi moto inakimbia zaidi na chembe inalainika, lakini usizidishe kwa sababu alumini itaganda ndani ya nozo. Vaa maski na viziba masikio, na vumbi la alumini linalipuka kwa hivyo weka feni ya kufyonza na hakuna kuchomelea karibu. Kitu kinachobeba mzigo mzito kama kimepasuka, usikifanyie hii.

Kabla uguse hausing, nyunyiza kwa kipande cha alumini ya aina hiyo hiyo ukikunje kwa vaisi. Nyufa ndogo usishtuke, tabaka limekazwa sana halivutiki. Likibanduka zima kama ganda, uso haukuwa safi. Likivunjika unga unga, chembe hazikushikana zenyewe, spidi ni ndogo. Likikataa kutoka sasa ingia kwa hausing, jaza mpaka lipite saizi kidogo, kisha peleka kwa mashine ya kukereza.