Pesa ya shaba imelika haisomeki? Itazame hivi

Mashine ya kutafutia vyuma ardhini ikishalia na pesa ishatoka mchangani, kwanza kabisa usiisugue. Najua mkono unakimbilia ndimu na majivu, itang'aa kweli, lakini ile kutu ya kijani ikibanduka inabandukana na herufi zilizobakia. Iloweke maji safi, udongo ukilainika uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno, basi.

Usiku zima taa, laza simu mezani tochi imulike ubavuni mwa pesa, kisha izungushe polepole. Mwanga wa juu unakuonyesha kibati kitupu, huu wa ubavuni unatoa vivuli.

Kupima kwa sonara hapa kwetu Zanzibar hakusaidii sana, maana pesa ya Sayyid Barghash, sultani wetu wa zamani, robo anna (sarafu ndogo) ya India na pesa ya Wajerumani zote ni milimita 25 hivi na gramu 6 na nusu, zikitumika pamoja sokoni. Tafuta picha. Tai ni Wajerumani, kampuni yao ilizipiga 1890 mpaka 1892. Kichwa cha mwanamke mwenye taji ni Victoria, malkia wa Uingereza, hiyo ndo robo anna ya India. Mizani upande mmoja na upande wa pili Kiarabu kitupu, hiyo ndo ya Barghash, ila angalia sana huo upande wa pili kwa sababu Bombay nako zilipigwa pesa za mizani, na zile nyuma zina ngao.

Mwaka sasa, hapa ndo patamu. Barghash ana miaka miwili tu, 1299 na 1304 ya Hijria, yaani kama 1882 na 1887. Ukiona tisa mbili zimefuatana (٩٩), umemaliza, ni 1299. Ukiona ١٣ (13) halafu pengo halafu ٤ (4) usishangae, ni 1304 hiyo, sifuri ya Kiarabu ni nukta na nukta inafutika mwanzo.

Yenye shimo la duara ni senti ya Afrika Mashariki, hizo zilianza kutumika rasmi Unguja na Pemba 1936. Shimo la mraba ni ya Kichina, Kajengwa kule Makunduchi walizipata nyingi 1945.

Lakini ikiwa ndogo, nyembamba, Kiarabu pande zote na mwaka haina kabisa, hiyo yaweza kuwa ya masultani wa zamani sana, wa mji kama Kilwa au Mtambwe Mkuu kule Pemba. Acha kuchimba hapohapo jamani, piga picha shimo lilivyo, weka alama, uwaite watu wa Mambo ya Kale.