Sindano za sukari na uzito: namna ya kuzilinganisha kabla hujatoa pesa

Suali la mwanzo huwa ni sindano ipi inapunguza mwili zaidi. Kwa anayeishi Unguja au Pemba, tunashauri aanze na jengine: ipi ataipata kila mwezi bila kukatika, na ataiweka wapi ibaki baridi? Dozi hupandishwa polepole kwa miezi. Ukikosa dawa wiki kadhaa, daktari huenda akakurudisha kwenye dozi ya chini, na pesa imeshakwenda.

Liraglutaidi (Victoza kwa sukari, Saxenda kwa uzito) huchomwa kila siku. Inaanza miligramu 0.6, inaongezwa kila wiki, hadi 1.8 kwa sukari au 3.0 kwa uzito. Semaglutaidi (Ozempic kwa sukari, Wegovy kwa uzito) ni mara moja kwa wiki: 0.25 kwa wiki 4, halafu 0.5, na kuendelea. Tirzepataidi (Mounjaro) pia ni ya wiki: 2.5 kwa wiki 4, kisha 5, na ikihitajika hadi 15. Dozi ya kuanzia inalizoesha tumbo tu, kwa hiyo usijiongezee kwa kuwa mwezi wa kwanza hukuona kitu.

Kwa nguvu, tirzepataidi iko mbele. Katika utafiti uliozishindanisha kwa wiki 72, watu wanene wasio na kisukari walipungua wastani wa asilimia 20.2 ya uzito kwa tirzepataidi, na 13.7 kwa semaglutaidi. Liraglutaidi hufika kama 8. Mwenye kisukari kwa kawaida hupungua kidogo kuliko hivyo. Lakini aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi amuulize daktari kuhusu semaglutaidi, kwani imethibitishwa kupunguza hatari ya kurudiwa. Zote tatu, ukiziacha, uzito mwingi hurudi.

Hakuna hata moja inayoshika nafasi ya insulini kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Na tahadhari na dawa ya kichupa inayovutwa kwa bomba la insulini: alama za bomba ni yuniti, dozi yako ni miligramu. Kwa kuchanganya hivyo viwili, watu wamejichoma mara 5 hadi 20 ya dozi wakaishia hospitali. Kalamu ya kiwandani, yaani sindano inayokuja na dawa tayari ndani yake, ni salama zaidi.

Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma wa friji ambako barafu hujijenga. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Ozempic iliyoanza kutumika huvumilia wiki 6 chini ya nyuzi 30, lakini chumba cha bati wakati wa kaskazi hupita hapo mchana, basi irudishe kwenye friji. Ukivuka na boti kwenda Mkoani, itie kwenye kibaridi, barafu uizungushie taulo isiguse kalamu, na uishike mwenyewe badala ya kuiacha na mizigo juani.

Choma tumboni, vidole viwili kutoka kitovuni, au pajani, na ubadilishe mahali kila mara. Kwa Ozempic, bonyeza mpaka kidirisha kionyeshe 0, kisha hesabu polepole hadi 6 ndipo utoe. Ukiwahi kutoa, dawa humwagika juu ya ngozi. Toa sindano kwenye kalamu kila ukimaliza, uitie ndani ya dumu gumu lenye kifuniko.

Kichefuchefu ni cha kawaida, na mafuta hukizidisha. Urojo wenye bajia nyingi au chipsi usiku wa siku ya sindano huwatapisha wengi; samaki wa kuchoma na sahani ndogo ya wali ni nafuu. Ramadhani inataka mpango: usianze wala usipandishe dozi karibu na mwezi, maana kutapika na kufunga pamoja hukausha maji mwilini. Anayetumia pia vidonge vya sukari vya glibenklamidi au gliklazidi, au insulini, amwone daktari mapema, kwani sukari inaweza kushuka kabla ya magharibi.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni yanaweza kuwa ya kongosho: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito asitumie, na anayepanga mimba aache semaglutaidi miezi 2 kabla. Mounjaro hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Tumia kinga nyengine wiki 4 baada ya kuanza na kila dozi ikipanda. Aliye na saratani ya tezi ya shingoni (thairoidi) aina ya medula katika ukoo wake asizitumie kabisa.

Nunua duka la dawa lililosajiliwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia, hivyo kagua nambari ya toleo ya boksi ilingane na ya kalamu.

Boti ikiahirishwa na siku yako ikapita, Ozempic bado inachomeka ndani ya siku 5, Mounjaro ndani ya siku 4. Zikipita, iruke usubiri siku yako ya kawaida, wala usichome mbili kufidia.